Kuzungumzia Mvua, Jua na Baridi kwa Kixhosa: Mwongozo Kamili kwa Anayejua Kiswahili

Mwezi wa sita, alfajiri, kwenye stendi ya teksi za Mthatha, mji wa Afrika Kusini, salamu haziishii kwenye salamu. Baada ya molo (hujambo) na unjani (habari yako), kinachofuata ni baridi. Mama mmoja aliyejifunga blanketi aliniona nikitetemeka ndani ya shati nyepesi nililotoka nalo Dar, akasema: *Kuyabanda, mntanam*. Mntanam nililielewa bila kuambiwa, ni mwanangu. Nikataka kumwambia kwamba kweli, baridi naisikia. Nikatumbukiza *ndi-*, yaani ni-, mbele ya kitenzi alichokitumia yeye, nikajibu kwa kujiamini: *Ndiyabanda*. Teksi nzima ikaangua kicheko.

Nilichokosea nitakieleza kwenye hatua ya pili. Ila tangu siku ile nilijua jambo moja kuhusu kujifunza lugha hii: sarufi yake tunayo tayari mdomoni, na maneno mengi ni ndugu wa maneno yetu. Kinachotuangusha sisi si yale mageni. Ni yale yanayofanana.

Kixhosa, au isiXhosa kama wanavyokiita wenyewe (hiyo isi- ndiyo ki- ya Kiswahili), ni lugha ya kwanza ya watu zaidi ya milioni 8, wengi wao wakiishi mkoa wa Eastern Cape na mji wa Cape Town nchini Afrika Kusini. Nimechagua hali ya hewa iwe mlango wa kuingilia kwa sababu ni mazungumzo mafupi, yanarudiwa kila siku, na mtu yeyote, awe mzee au mlinzi wa getini, ataingia nawe bila kukushangaa.

Hatua ya 1: Sauti kwanza, maneno baadaye

Irabu ni tano, a e i o u, zinatamkwa kama zetu. Silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa kidogo, pale pale sisi tunapoweka mkazo: imozuulu, imvuula. B ya *kubanda* itamke kama b ya baba. Sehemu rahisi imeisha.

Mtego wa kwanza ni herufi h. Kwa Kixhosa, th, ph na kh ni t, p na k zinazosindikizwa na pumzi. Wazee wa Mombasa wanaotofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi hiyo wataipata mara moja. Sisi wengine tutaifanyia mazoezi kwa kuweka kiganja mbele ya midomo hadi kihisi upepo. Kwa hiyo th ya *-vuthuza* haifanani hata kidogo na th ya thelathini, na kh ya *ikhephu* si kh ya kheri. Ukitaka ile kh ya kheri, Waxhosa huiandika rh.

Mtego wa pili ni ch. Sauti ya ch ya chai wao huiandika tsh. Wakiandika ch, wanamaanisha kidoko, yaani mlio wa ulimi.

Vidoko viko vitatu, na vyote utakutana navyo kwenye hali ya hewa. C ni ule mlio wa masikitiko, ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele: nts, nts, maskini. Q hutokea ulimi unapobandikwa kwenye kaakaa kisha ukabanduliwa kwa nguvu, mlio kama wa kizibo kinachong'olewa kwenye chupa. X hutoka ubavuni mwa ulimi, kama mtu anavyomhimiza punda atembee, na ndiyo iliyomo kwenye jina la lugha yenyewe. Sauti hizi ziliingia kwenye Kixhosa kutokana na karne nyingi za kuishi na kuoana na Wakhoekhoe na Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika. Kwa Mtanzania si ngeni kiasi hicho: Wasandawe na Wahadzabe wanazo pia.

Ushauri wangu ni huu: usikwame hapa. Ukishindwa kidoko, utaeleweka bado, na watu watakurekebisha kwa furaha kubwa. Jambo la kutolisahau ni hl. Weka ulimi kama unayetaka kusema l, halafu pulizia hewa pembeni bila kutoa sauti ya kooni. Utaihitaji kila siku, kwa sababu imo kwenye *namhlanje*, leo.

Hatua ya 2: Anza na ku-

Sisi tunasema kuna baridi, kumekucha, kumetulia. Ile ku- isiyo na mwenyewe, inayosimamia hali ya mahali pote, ipo kwenye Kixhosa na kazi yake ni ile ile. Ndiyo maana ninaanza nayo: neno moja tu, na umeshatoa sentensi nzima.

*Kuyabanda*, kuna baridi.
*Kushushu*, kuna joto.
*Kufudumele*, kuna ujotojoto wa kupendeza.
*Kupholile*, kumepoa.
*Kubalele*, jua limewaka vilivyo.
*Kusibekele*, kumetanda mawingu.

Ukichunguza utaona kuyabanda ina -ya- katikati, nyingine hazina. Banda ni kitenzi, na kitenzi cha wakati uliopo kikisimama peke yake hubeba -ya-. Shushu ni neno la sifa, halibebi kitu. Fudumele, pholile, balele na sibekele ni vitenzi vilivyokwisha kutendeka, kama tunavyosema kumepoa au kumetanda.

Halafu hiyo -ya- ina tabia yake. Ukiongeza neno baada ya kitenzi, na neno hilo ndilo lenye habari, -ya- hujiondoa: *Kuyabanda*, lakini *Kubanda kakhulu*, kuna baridi sana. Usijipe homa kwa kanuni hii. Shika mifano hii miwili na sikio litafanya lililobaki.

Kukanusha ni zawadi. Tazama: sisi tunachukua inanyesha tunapata hainyeshi, a ya mwisho inageuka i. Wao wanafanya hivyo hivyo. *Akubandi*, hakuna baridi. Mbele kuna a- badala ya ha-, mwishoni kuna i. Kwa shushu, ambayo si kitenzi, hakuna cha kugeuza: *Akushushu*. Kuuliza nako hakuna shida, weka *na* mwishoni: *Kuyabanda na?* Kujibu ndiko kutakakokuchekesha, maana ndiyo ni *ewe* na hapana ni *hayi*. Wiki ya kwanza, kila nilipoitikiwa ewe, nilidhani nimeitwa kwa dharau.

Sasa turudi kwenye teksi. Banda ni baridi ya kitu au ya mahali. Maji yanaweza kubanda, chakula kinaweza kubanda, na nje kunaweza kubanda. Mtu anayesikia baridi hutumia kitenzi kingine kabisa, *-godola*: *Ndiyagodola*, nasikia baridi. Mimi niliposema ndiyabanda nilijifanya chai iliyosahauliwa mezani. Yule mama alinirekebisha taratibu, silabi kwa silabi, *u-ya-go-do-la*, akanipa pembe ya blanketi. Neno hilo sijalisahau hadi leo.

Hatua ya 3: Mvua, na neno moja la kuogopa

*Imvula* ni mvua. Zamani Kiswahili nacho kilikuwa na l hapo katikati, ikadondoka njiani kama ilivyodondoka kwenye maneno mengi. Ndiyo maana Wanyarwanda na Warundi wanasema imvura na Wachewa mvula, sisi tumebaki na mvua. Likumbuke hilo la l, litakusaidia tena.

Kitenzi ni *-na*. Kifupi hivyo. Imvula huchukua i-, kama mvua yetu inavyochukua i-: *Imvula iyana*, mvua inanyesha. Na hapa sikiliza kwa makini. Mswahili akisikia -na, akakumbuka kunyesha, ulimi wake utamvuta kuelekea -nya. Usithubutu. Kunya kwa Kixhosa ni lile lile unalolijua kwa Kiswahili, na ni neno chafu huko kama lilivyo huku. *Iyana*, n kavu, bila y baada yake. Fanya mazoezi chumbani kabla hujatoka.

Ukishaivuka hiyo, mvua inakufungulia nyakati zote:

*Iyana na?* Inanyesha?
*Hayi, ayini.* Hapana, hainyeshi.
*Izolo imvula inile.* Jana mvua ilinyesha.
*Imvula iza kuna ngomso.* Mvua itanyesha kesho.
*Akukho mvula.* Hakuna mvua.

Iza ni -ja yetu. Imvula iza kuna, mvua yaja kunyesha: hivyo ndivyo wanavyotengeneza wakati ujao, na kila kitenzi ulichojifunza kitaingia hapo. *Kuza kubanda ngomso*, kesho kutakuwa na baridi. Shushu, kwa kuwa si kitenzi, inahitaji kuwa: *Kuza kuba shushu*. Kwa wakati uliopita wa hali iliyokuwa ikiendelea, weka be- mbele: *Bekubanda izolo*, jana kulikuwa na baridi. *Bekushushu*, kulikuwa na joto.

*Kukho* ni kuna, *akukho* ni hakuna. Baada ya akukho, irabu ya mwanzo ya nomino huanguka: imvula hubaki mvula, umoya hubaki moya. Mtu anayesema akukho imvula anaeleweka, ila anajulikana ni mgeni.

Utasikia pia *-netha*, hasa mtu anapoeleza yaliyompata mwenyewe. *Ndinethile*, nimenyeshewa. Na *ndimanzi*, nimelowa; hiyo manzi ndiyo iliyomo kwenye *amanzi*, maji.

Hatua ya 4: Tazama juu

*Izulu* ni mbingu, na ni juu yetu iliyobaki na l yake. Kwa Kixhosa neno hilo limepanuka: ni mbingu, ni hali ya hewa, na wakati mwingine ni radi yenyewe. *Ubethwe lizulu*, alipigwa na radi. Kwa hali ya hewa kwa jumla, neno salama la kila siku ni *imozulu*. *Injani imozulu namhlanje?* Hali ya hewa ikoje leo? Ukitaka la mitaani zaidi, uliza *Kunjani phandle?* Nje kukoje?

Jua ni *ilanga*. Kulikumbuka, liunganishe na mwanga. Upatanisho wake ni li-, kama jua letu: *Ilanga liyatshisa*, jua linachoma. *Ilanga liphumile*, jua limetoka. *Ilanga litshonile*, jua limezama. Vitenzi hivyo viwili, -phuma na -tshona, ndivyo vilivyozaa majina ya mikoa: Eastern Cape ni *iMpuma-Koloni*, upande linakotoka jua, na Western Cape ni *iNtshona-Koloni*, upande linakozama. Ukisoma kibao cha barabarani umeshajifunza vitenzi viwili bure. (Mashariki na magharibi yetu yalitoka Uarabuni yakiwa na maana hizo hizo za kuchomoza na kuzama, ila ni wachache wanaozisikia tena.)

Na ukifika Cape Town utapita Langa, mtaa wa zamani wa Waafrika ulioanzishwa miaka ya 1920. Langa ni jua, ila mtaa ulipewa jina la Langalibalele, chifu wa Wahlubi aliyefungwa kisiwa cha Robben miaka ya 1870 baada ya kugombana na serikali ya kikoloni ya Natal. Jina lake ni sentensi kamili uliyokwisha kujifunza: *ilanga libalele*, jua limewaka.

Wingu ni *ilifu*, mawingu ni *amafu*. Huhitaji maelezo, ni li- na ma- yetu. *Akukho mafu* ni anga jeupe.

*Inkungu* ni ukungu. Hili limekaa karibu kiasi kwamba ukilisahau, lisemeshe tu Kiswahili chako na utaeleweka.

Upepo ni *umoya*. Mswahili atasikia moyo, na atakosea, kwa sababu moyo wao ni *intliziyo*. Umoya ni upepo, ni pumzi na ni roho, vyote pamoja, kiasi kwamba Roho Mtakatifu naye ni uMoya. Kosa la kawaida zaidi liko kwenye kitenzi. Sisi upepo unavuma. Wao *-vuma* ni kukubali. Ukisema umoya uyavuma umetangaza kwamba roho imeridhia, jambo linaloweza kupokewa kwa amina kanisani lakini halimsaidii anayetaka kuanika nguo. Upepo wa Waxhosa *uyavuthuza*. *Umoya uyavuthuza*, upepo unavuma. Na utalitumia sana sentensi hilo ukiwa Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth hadi 2021, ambao Waafrika Kusini wenyewe wanautania kuwa mji wa upepo. Jina lake jipya ni mtihani mzuri wa hatua ya kwanza: kidoko cha q mwanzoni, rh ya kheri mwishoni.

Hatua ya 5: Hali mbaya

Haya ni maneno ya kuyatambua yakisemwa, hata kama wewe hutayasema mara nyingi.

*Izulu liyaduduma*, kunanguruma. Duduma linajieleza lenyewe kwa mlio. *Izulu liyabaneka*, kunapiga umeme. Kutokana na hiyo -baneka likatoka *umbane*, umeme wa mawinguni, na baadaye umeme wa nyumbani ukapewa jina hilo hilo, kama sisi tulivyofanya. Kwa hiyo ukisikia watu wakilalamika kwamba *akukho mbane*, usiangalie mawingu, angalia swichi. Wazee watakusimulia pia habari za *impundulu*, ndege wa radi, anayehusishwa na uchawi. Sikiliza kwa adabu, usiulize maswali ya kipelelezi.

*Isichotho* ni mvua ya mawe. Hapa ndipo ch inapokamata watu: isi, kidoko cha c chenye pumzi, halafu otho, na th yake nayo ina pumzi. *Isaqhwithi* ni dhoruba. *Inkanyamba* ni kimbunga cha nchi kavu kinachozunguka kama nguzo, na pia ni jina la joka kubwa linaloaminiwa kukileta. Desemba 1998 kimbunga cha namna hiyo kiliupiga mji wa Mthatha, wakati huo ukiandikwa Umtata, na Nelson Mandela, akiwa bado rais, alikuwamo ndani ya duka la dawa mjini humo. Walinzi wake walimlaza chini wakamkinga kwa miili yao.

*Izikhukula* ni mafuriko. Juni 2025 neno hilo lilikuwa kwenye kila redio, baada ya mvua kubwa iliyoambatana na baridi kali kufurika Mthatha usiku na kuua watu zaidi ya 90. Kinyume chake ni *imbalela*, ukame, na ukilitazama utaona balele ile ile ya jua kuwaka. Cape Town iliionja imbalela kati ya 2015 na 2018, hadi wakazi wakawa wanahesabu siku zilizobaki kabla ya mabomba kufungwa.

Kwenye taarifa za tahadhari utaona *isilumkiso*, onyo. Mtu akikupigia kelele *Lumka!* maana yake jihadhari. Hilo jifunze leo leo.

Hatua ya 6: Baridi ambayo Kiswahili hakiijui vizuri

Wengi wetu theluji tunaijua kwa Kilimanjaro, kwa mbali, na hata neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Waxhosa wanalo neno la nyumbani na kitenzi chake maalumu: *ikhephu* ni theluji, *-khithika* ni kuanguka kwa theluji. *Ikhephu liyakhithika*. Kukiwa na ikhephu, watu wa Cape Town na East London (mji wa pwani wa Eastern Cape) hufunga safari kwenda milimani kuliangalia, na wenye kondoo huko juu huwa na mambo mengine ya kufikiria.

*Iqabaka* ni ile barafu nyembamba inayoganda juu ya majani alfajiri na kuunguza mboga. Wengine wetu tunaiita sakitu. *Umbethe* ni umande. *Ingqele* ni baridi yenyewe kama nomino, baridi kama kitu kinachoingia mlangoni. Kwa wanaodhani natia chumvi: kiwango cha chini kabisa cha joto kilichopata kurekodiwa Afrika Kusini kilikuwa nyuzi 20.1 chini ya sifuri, Agosti 2013, shambani Buffelsfontein karibu na Molteno, huko huko Eastern Cape. Chukua *idyasi*, koti zito. *Nxiba idyasi*, vaa koti, usipolivaa utaambiwa.

Hatua ya 7: Majira, na nyota tunayoijua wote

*Ubusika* ni majira ya baridi, Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe chetu. *Ubusuku* ni usiku. Herufi moja tu inatenganisha, na mimi nimewahi kumwambia mtu kwamba nitampigia simu majira ya baridi nikimaanisha usiku ule ule. Ukitaka kuvikumbuka: chenye u nyingi kama usiku ndicho usiku.

*Ihlobo* ni majira ya joto, Desemba hadi Februari. *Umhlobo* ni rafiki. *Intwasahlobo*, majira ya kuchipua, ni kuchomoza kwa ihlobo. *Ukwindla* ni wakati wa mavuno, majani yanapopukutika. Kusema ndani ya majira hayo: *ebusika*, *ehlotyeni*, *entwasahlobo*, *ekwindla*. Ehlotyeni imebadilika sura, b imekuwa ty, ikariri ilivyo.

Mvua haziji wakati mmoja kila mahali, na hilo lina maana kwenye mazungumzo. *EKapa imvula ina ebusika*: Cape Town mvua hunyesha majira ya baridi. Mthatha mvua kubwa kwa kawaida ni za majira ya joto. Ukimsikia mtu wa Mthatha aliyehamia Cape Town akilalamika, mara nyingi analalamikia hilo: baridi na maji kwa pamoja.

Majina ya asili ya miezi ni kalenda ya mkulima, na bado yanatumika kwenye redio na shuleni. Aprili ni *uTshazimpuzi*, maboga yananyauka. Julai ni *eyeKhala*, mwezi wa mishubiri kuchanua. Desemba ni *eyoMnga*, na umnga ni mti wa jamii ya mgunga. Mei ni *uCanzibe*, nyota ya Canopus.

Juni ni *eyeSilimela*. Lisome tena, ondoa isi- weka ki-, halafu dondosha ile l ya pili kama tulivyofanya kwenye mvua. Umepata Kilimia. Ni kundi lile lile la nyota, na kote kuwili jina limetokana na kulima. Huku pwani tunasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Waxhosa, isilimela ikionekana alfajiri mwezi Juni, mwaka wa mkulima umeanza, na mwanamume aliyetoka jandoni huhesabu miaka yake ya utu uzima kwa isilimela alizoziona. Nilipomweleza mzee mmoja kwamba kwetu inaitwa Kilimia, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza kama sisi pia tunaisubiri alfajiri.

Hatua ya 8: Yaingize kwenye siku yako

Maneno ya wakati unayoyahitaji ni machache: *namhlanje* leo, *izolo* jana, *ngomso* kesho, *ngoku* sasa, *kusasa* asubuhi, *ebusuku* usiku.

Wiki ya kwanza, kila asubuhi fungua dirisha useme sentensi tatu kwa sauti: ilivyokuwa jana, ilivyo sasa, itakavyokuwa kesho. *Izolo bekushushu. Namhlanje kusibekele. Ngomso imvula iza kuna.* Kama uko Tanga au Goma na hakuna Mxhosa karibu, haidhuru, sema hali ya hewa ya ulipo. Usiandike kwanza; andika jioni, uone umekumbuka nini.

Wiki ya pili tafuta Umhlobo Wenene FM kwenye intaneti, redio ya taifa ya Kixhosa. Jina lake ni Rafiki wa Kweli. Ngoja *ingxelo yemozulu*, taarifa ya hali ya hewa, baada ya habari. Usitafute kuelewa yote. Siku ya kwanza windia majina ya miji, ya pili windia imvula, umoya na ikhephu, ya tatu windia namba kila utakaposikia *amaqondo obushushu*, nyuzi za joto. Wanasoma haraka sana, na ni kawaida kutoka na maneno mawili tu.

Ukipata mtu wa kuzungumza naye, anza na salamu. Mtu mzima usimwendee na kubanda moja kwa moja. Mwanamke wa umri wa mama yako ni *mama*, mwanamume ni *tata*, bibi ni *makhulu*. Rika lako ni *sisi* na *bhuti*. (Ndiyo, sisi ni dada. Utazoea.) Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

— *Molo, mama.*
— *Ewe, molo, mntanam. Unjani?*
— *Ndiphilile, mama. Kodwa kuyabanda namhlanje!*
— *Kubanda kakhulu. Kukho ikhephu ezintabeni. Uyagodola na?*
— *Ewe, ndiyagodola. Iza kuna imvula ngomso?*
— *Hayi, ngomso ilanga liza kuphuma.*

Ndiphilile ni mzima wa afya, kodwa ni lakini, ezintabeni ni milimani. Mengine yote unayo.

Na siku moja ya Januari, joto likiwa limekushinda na shati limeganda mgongoni, jaribu msemo huu kwa mtu wa rika la baba yako: *Ilanga likhupha intlanzi emanzini*, jua linatoa samaki majini. Umlenge vizuri, uuseme taratibu, halafu kaa tayari, kwa sababu atakujibu kwa Kixhosa kirefu na kwa kasi yote.